Dawa Inayoingilia Mlango wa Uani

Msomaji wa Tanga ametuuliza: bibi yake ana shida ya kumeza, je, anaweza kufungua kapsuli ya omeprazole, azisage punje zilizomo na kuzikoroga katika uji? Kusaga, hapana. Punje zikiwa nzima zinaweza kumezwa bila kutafunwa, pamoja na kitu chenye uchachu kidogo; mfamasia atamweleza aina aliyopewa inaruhusu nini.

Sababu yake inanifurahisha mno. Omeprazole, iliyoundwa 1979 na wanakemia wa kampuni ya Hässle nchini Sweden na kuingia sokoni 1988, hupunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyohiyo huiharibu kwa dakika chache. Ndiyo maana humezwa ikiwa imefumbatwa. (Nasema ufumbataji, si ufungaji: kilichofungwa hungoja mfunguaji, kilichofumbatwa huachiwa wakati wake ukifika.) Ganda la jelatini tunaloliona halikingi kitu, huyeyuka mapema tumboni. Kinga ni utando wa polima uliovishwa kila punje. Polima hiyo imejaa vikundi vya asidi hafifu. Penye asidi kali, vikundi hivyo hushikilia haidrojeni zao na utando hubaki mgumu. Katika utumbo mwembamba, pH ikipita 5.5, haidrojeni hujitenga, vikundi hubaki na chaji hasi, vinasukumana, na utando huyeyuka.

Dawa imelivuka tumbo salama, lakini kazi yake iko tumboni. Inarudije?

Chukua nyumba ya mawe ya Lamu, yenye daka mbele na uani nyuma. Seli inayotoa asidi ndivyo ilivyo. Barabara ya mbele ni tumbo. Nyuma ya uani inapita damu. Mlango wa mbele umepangwa pampu zinazomwaga asidi dakani, nayo inatiririkia barabarani. Mgeni, yaani dawa, akija kwa barabara huungua kabla hajafika. Basi huzunguka: hufyonzwa na utumbo, husafiri na damu, akabisha uani. Huku hakuna asidi, mgeni hana chaji, na kuta za mafuta humpitisha. Anakatiza nyumba nzima na kutokea dakani akitokea ndani. Hapo asidi inamvaa, anapata chaji, na mwenye chaji hawezi kupenya ukuta kurudi alikotoka. Wenzake wanamfuata, nao wananaswa, hadi wingi wao dakani unaweza kufikia mara 1,000 ya ule wa kwenye damu. Kisha asidi inamgeuza umbo, na umbo hilo jipya linashikamana na salfa iliyo kwenye pampu kwa kifungo imara cha kikemia. Pampu inasimama.

Kumbe uharibifu uleule uliozuiwa na utando ndio unaoipa dawa makali. Ufumbataji umehamisha tu mahali pa kutokea.

Dawa yenyewe huisha kwenye damu baada ya saa chache, ilhali nguvu yake hudumu siku nzima na zaidi, kwa kuwa seli hulazimika kujenga pampu mpya. Na ushauri wa kumeza nusu saa hivi kabla ya kula unatokana na haja hiyohiyo ya asidi: chakula huziamsha pampu, na pampu iliyolala haimwagi asidi ya kumgeuza mgeni aliyeko dakani.