Kubagua na Kupunja: Neno la Haki katika Teknolojia, kwa Mfano wa Ngomeni

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilichukua setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na siku yao. Hivyo neno la Kiswahili likaingia katika elimu ya nyota, na orodha ya Uhuru, yenye vyanzo 339 vya miali hiyo, ingali ikitajwa na wataalamu.

Makala haya hayakusudii kuipunguza heshima ile, ambayo naamini ilitolewa kwa moyo safi. Yanakusudia kuuliza jambo la msamiati. Madai ya haki baina ya watu wa rangi mbalimbali katika kazi za teknolojia tumezoea kuyaita vita dhidi ya ubaguzi wa rangi. Je, neno hilo latosha kueleza yaliyotukia Ngomeni?

Kubagua ni kitendo cha mtu mwenye nia. Hutenga huyu na yule, na aliyetenda huitwa mbaguzi. Twaweza kusema kwamba sheria yabagua, lakini hapo sheria tumeifanya kama mtu. Wakati wa ukoloni neno lilikidhi haja, kwa maana mbaguzi alionekana: shule, hospitali na hata ardhi ya Nyanda za Juu zilitengwa kwa rangi waziwazi.

Ngomeni mambo ni mengine. Mradi ulianzishwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, kwa mapatano ya Italia na Marekani ya mwaka 1962. Mahali palichaguliwa kwa kuwa ni karibu mno na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huizidishia roketi kasi, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Baina ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo: za Italia, za Marekani, na moja ya Uingereza. Ya Kenya haikuwapo hata moja. Ukimtafuta mbaguzi katika habari hii huenda usimpate, na asipopatikana, mlalamikaji huambiwa kwamba hana hoja.

Hapa ndipo kitenzi kupunja kinapostahili kufikiriwa. Muuza nafaka asiyejaza kibaba amempunja mnunuzi, ingawa hamchukii wala hajali rangi yake. Mizani nayo hupunja, bila nia yoyote. Mtu husema, "Nimepunjwa", kabla hajajua ni nani aliyempunja. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni kwamba kupunja hakuwezi kutajwa pasipo kipimo: lazima iulizwe kilichostahili ni kiasi gani, na kilichotolewa ni kiasi gani. Aliyepunjwa hadai kupendwa, adai kujaziwa.

Mapatano ya Kenya na Italia yaliyotiwa sahihi mjini Trento mwezi wa Oktoba 2016, yakaanza kutumika Desemba 2020, yasomeke kwa jicho hilo. Yanataja mafunzo kwa Wakenya, upatikanaji wa habari zinazokusanywa na setilaiti, kituo cha kanda cha uchunguzi wa dunia, tiba ya mbali, na msaada kwa Shirika la Anga la Kenya. Hicho ni kipimo, na mtu aweza kukaa akahesabu kila mwaka kilichojazwa. Jina la Uhuru halikuwa na kipimo cha namna hiyo.

Mfano wa pili, ulio karibu zaidi na kazi yetu ya lugha, watoka Nairobi. Mwezi wa Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja maandishi na picha mbaya za Facebook, alizishtaki kampuni za Meta na Sama katika mahakama ya Kenya. Alilalamikia ujira, madhara ya kazi hiyo kwa akili, na kuzuiwa kuunda chama cha wafanyakazi. Kampuni hizo zimeyapinga madai yake. Mei 2023 wenziwe zaidi ya 150 waliazimia kuunda chama, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba Meta yaweza kushtakiwa Kenya. Wachujaji hawa waliajiriwa kwa ajili ya lugha za Kiafrika wazijuazo. Kilichonunuliwa ni lugha, na shauri lililoko mahakamani, kwa sehemu kubwa, ni la kipimo cha bei yake.

Huenda wenzangu wakapendelea dhulumu, neno zito lililozoeleka katika mimbari na mashairi. Silikatai. Ila dhulumu huanza na hukumu juu ya mtu, kisha ndipo hesabu ifuate, ikifuata. Nayo kupunja huanza na hesabu. Naona pia kwamba mifano tuitoayo darasani juu ya kitenzi hiki ni ya sukari na unga tu. Mkataba na mshahara navyo vyafaa kuingizwa humo.