Ujana wa Dar unavyoficha kiharusi

Kutoka feri ya Kivukoni hadi Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kupima presha ni kazi ya dakika mbili. Kijana ameketi pembeni mwa barabara, mizani chini, mashine ya presha juu ya kistuli. Mteja anakunja mkono wa shati, mkanda unajaa upepo, unabana juu ya kiwiko, kisha unanywea taratibu. Namba zinatokea: 168 kwa 102. "Mzee wangu, hii iko juu, nenda hospitali." Mteja anaitikia, analipa, anabeba mfuko wake na kupotelea kwenye umati.

Je, hospitali anakwenda? Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walilifuatilia swali hilo hapa hapa Dar es Salaam. Waliwapima wakazi majumbani, wakawarudia mara kadhaa wale waliokutwa na presha ya juu, kisha wakawashauri waende kutibiwa. Ulipopita mwaka, takriban mmoja tu kati ya watatu alikuwa amefika kwa mtaalamu wa afya, walau mara moja. Waliohudhuria mara kwa mara walikuwa wachache mno.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, uliwapima watu wazima wa Ilala, jirani kabisa na Kariakoo, na wa Shari wilayani Hai, Kilimanjaro. Kote kuwili, takriban watu watatu kati ya kumi walikuwa na presha ya juu. Kati yao, waliokuwa wanajua kuwa wanaumwa hawakufika asilimia 20, waliokuwa wanatumia dawa walikuwa kama asilimia 10, na wale ambao presha yao imetulia hawakufika hata asilimia 1.

Presha haipigi hodi. Mtu anaamka, anapanga bidhaa, anabeba mzigo, anapiga soga, huku mishipa ya ubongo inachakaa. Siku mshipa mmoja ukiziba au kupasuka, mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, maneno hayatoki. Hicho ndicho kiharusi.

Kujua ni wangapi kinawapata si kazi rahisi, kwa sababu wagonjwa wengi hufia nyumbani na hawaingii kwenye daftari la hospitali yoyote. Ndiyo maana kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiongozwa na Dk. Richard Walker, waliamua kuwafuata watu walipo, katika vijiji vya Hai na katika mitaa ya Dar es Salaam. Kwa waliokwisha kufariki, ndugu waliulizwa: alipooza upande mmoja? Ilianza ghafla? Aliweza kuongea? Majibu hayo yaliwasaidia madaktari kukadiria chanzo cha kifo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Kwa hesabu ya kawaida, kila mwaka Hai ilipata wagonjwa wapya 94.5 katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 107.9. Ukiishia hapo utasema mjini na shamba mambo ni yale yale.

Lakini Dar ni jiji la vijana. Wanaojaza Kariakoo ni machinga, wabeba mizigo na wauza maduka ambao wengi wao bado hawajafika umri ambao kiharusi hupiga sana. Watafiti wakarekebisha hesabu ili umri wa wakazi wa pande zote mbili ulingane. Hai ikafika 108.6. Dar es Salaam ikaruka hadi 315.9, karibu mara tatu ya Hai. Wingi wa vijana ulikuwa umeficha ukubwa wa tatizo.

Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2013, ulitaja vinavyoongeza hatari kwa mkazi wa Dar: presha, uvutaji wa sigara, lehemu mbaya kwenye damu, maambukizi ya VVU na kuwahi kuugua moyo.

Jambo la kushangaza zaidi lilitoka kwenye utafiti wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, juu ya namna watu wanavyouelewa ugonjwa huu. Kule Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo, na kimbilio lao la kwanza likawa hospitali. Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Muhimbili haiko mbali na Kariakoo, wengi walitaja majini na uchawi, na walianzia kwa mganga. Wanakijiji wakawatangulia watu wa mjini.

Tusiwacheke. Mtu aliyekuwa mzima saa nne asubuhi, saa tano hawezi kutamka jina la mwanawe; ghafla namna hiyo, familia hutafuta mkono wa mtu nyuma yake. Ila ubongo hausubiri. Mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika zinakufa takriban seli milioni mbili. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni kipimo cha CT kinachoonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka. Matibabu ya hali hizo mbili hayafanani: dawa inayomwokoa mmoja inaweza kumuua mwingine.

Kijana aliyekuwa na miaka 30 utafiti ulipoanza mwaka 2003, leo amevuka 50. Kizazi kilichoficha takwimu za Dar sasa kinaingia kwenye umri wa hatari, na presha zake nyingi hazijatibiwa. Halmashauri ya Jiji ipeleke upimaji sokoni na, muhimu zaidi, iwafuatilie wanaokutwa na presha hadi waanze dawa. Nawe msomaji, ukiandikiwa vidonge, meza kila siku hata ukijisikia mzima. Ukiona uso wa mtu umepinda, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mengine yatajadiliwa akiwa hai.