Churupu! Chubwi! Tifu!

Sikilizeni, wajukuu. Sungura yuko juu ya mbuyu, asali ingali midomoni, na Simba kamshika mkia. Je, niwaambie kwamba Sungura alitoroka kwa kasi kubwa sana? Mtasinzia! Msimulizi anayeijua kazi yake husema: akaponyoka churupu!

Litamkeni neno hilo polepole. Ulimi unagusa kaakaa, unapiga ru, midomo inafumba na kuachia pu, na Sungura keshapita. Mkia umeteleza humo humo kinywani mwenu. Ndiyo maana nayapenda maneno ya namna hii kuliko sifa nyingine zote za mbio.

Sasa kaangukia wapi? Sina haja ya kueleza ardhi ikoje, neno litasema. Akianguka chubwi, ni majini. Akianguka tapwi, ni matopeni. Akianguka tifu, ni mchangani, na vumbi mmeliona. Jiwe alilorushiwa likampita vuu! Kanga waliokuwa kichakani wakaruka purrr!

Darasani, mwalimu atawaambia hizi ni tanakali za sauti. Mwingine atasema ni viigizi. Maneno haya hayakubali kuvishwa viambishi. Kitenzi ndicho kinachobeba jana na kesho: alianguka chubwi, ataanguka chubwi, chubwi yenyewe haibadiliki. Wala hutasikia mtu akisema "hakuchubwi". Lakini baadhi yana ndugu zao vitenzi: churupu na churupuka ni wa nyumba moja.

Mkisimulia, nyamazeni kidogo kabla ya kulitamka neno la namna hii, kisha litoeni kwa nguvu zake. Vuu ya jiwe ni fupi. Ya upepo wa kusi ivuteni mpaka pumzi iishe, vuuuuu! Na mkono nao uende. Kulisoma kwa sauti ile ile ya kuhesabia madaftari ni kulinyima uhai.

Msidhani maneno ya namna hii ni ya wanyama wa hadithini tu. Chombo cha magurudumu mawili chenye injini kilipoingia kwetu, watu walikisikia kabla ya kukiona: piki-piki-piki-piki! Wakakiita kwa mlio wake. Na huu mlio, tofauti na chubwi, umekubali sarufi yote: pikipiki hii, pikipiki hizi, imewaka, hazikuwaka.