Malenga wa Mji: Ni Nani, na Kazi Yake ni Gani?

Leo nataka tuzungumze juu ya neno ambalo sisi wanafunzi huliandika kwenye daftari kisha tukaendelea na mambo mengine: neno malenga. Je, wajua kwamba kuna miji duniani ambayo humwandika mtu kazi ya kuwa malenga wake, kama vile inavyoandika karani au mhandisi?

Kwanza tupate maana. Malenga ni mtunzi aliyebobea katika ushairi. Manju ni bingwa wa kutunga na kuongoza nyimbo ngomani. Malenga au manju rasmi basi ni yule aliyeteuliwa na serikali, mfalme au baraza la mji, akapewa cheo, muda na wajibu.

Huko Uingereza mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1668 Mfalme Charles wa Pili alimteua John Dryden kuwa mshairi rasmi. Washairi wa cheo hicho walipata mshahara na hata pipa la mvinyo! Zamani mtu alikikalia cheo hicho mpaka kufa, lakini tangu 1999 hupewa miaka kumi tu. Mwaka 2009 Carol Ann Duffy akawa mwanamke wa kwanza kukipata. Muziki nao una cheo chake cha kifalme, na mwaka 2024 alikipata Errollyn Wallen, mama aliyezaliwa Belize.

Miji nayo ikaiga. San Francisco ya Marekani ilimteua Lawrence Ferlinghetti mwaka 1998, mzee aliyekuwa na duka la vitabu mjini humo. Chicago ilipata malenga wake wa kwanza mwaka 2023. Kazi ya malenga wa mji si kukaa ofisini. Yeye huenda shuleni na maktabani, husoma mashairi siku za sherehe na za msiba, na huwafundisha vijana kutunga.

Pengine utasema, "Hayo ni ya Wazungu." La, hasha! Katika jumba la Kabaka wa Buganda walikuwako wanamuziki rasmi. Ngoma za entenga zilikuwa kumi na tano, zikipigwa na watu sita, na si kila mtu aliruhusiwa kuzigusa. Mwaka 1966 jeshi la serikali liliposhambulia jumba la Lubiri, Kabaka alikimbilia Uingereza na wanamuziki wakatawanyika. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, lakini ujuzi haurudishwi kwa tangazo. Wapigaji walikuwa wamebaki wachache sana.

Hapa kwetu Kenya tuna Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Muyaka hakupewa barua ya kazi na mtu. Hata hivyo, Mombasa ya Wamazrui ilipotishwa na Seyyid Said wa Oman, tungo za Muyaka ndizo zilizokuwa sauti ya mji. Baadaye zingepotea kama si Mwalimu Sikujua kuzikumbuka na mmisionari William Taylor kuziandika. Zilichapishwa kitabuni mwaka 1940. Wapi? Johannesburg!

Sasa turudi Nyeri. Wazee wetu wa Kikuyu walikuwa na gichandi, utungo wa mafumbo ulioimbwa kwa kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje. Waimbaji wawili walijibizana, huyu akifumba na yule akifumbua. Guka wangu husema baba yake aliujua, lakini yeye mwenyewe amebakiwa na mafumbo mawili matatu tu. Nilimwomba anitajie nikayaandika nyuma ya daftari langu la Kemia. Padri Vittorio Merlo Pick naye aliukusanya utungo huu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1973 huko Bologna, Italia. Hebu fikiri, msomaji! Muyaka wa Mombasa akachapwa Johannesburg, gichandi chetu kikachapwa Italia. Kwani sisi wenyewe tulikuwa wapi?

Hii ndiyo sababu naona kaunti zetu zafaa kuwa na malenga na manju. Sheria haizuii. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya shughuli za utamaduni, makumbusho na maktabu za umma. Serikali kuu nayo iliunda Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais tangu 1988, kwa hivyo wazo lenyewe si geni.

Kuna hatari, nakubali. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Huyo malenga atakuwa wa kumsifu gavana tu!" Ana haki ya kuogopa, maana anayekulisha ni vigumu kumkosoa. Dawa yake ni tatu. Kwanza, asichaguliwe na mtu mmoja bali na kamati yenye walimu, wazee na vijana. Pili, apewe miaka miwili, kisha ampishe mwingine. Tatu, kazi yake ihesabiwe kwa shule alizotembelea na wazee aliowarekodi, wala si kwa sifa alizoimba jukwaani.

Lakini tusingoje kaunti. Kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili ana guka au cucu, au jirani mzee. Likizo hii muulize wimbo mmoja au fumbo moja, uliandike, na utaje jina la aliyekupa. Toleo lijalo la gazeti hili litapata pa kuyaweka. Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Nami naongeza, asiyeiandika yuko njiani kuiacha.