Meli Iliyoachwa Ukingoni Ina Wazee Wake

Mtu wa Mangobo, hapa Kisangani, akiteremka hadi ukingo wa Mto Kongo, hashangai kukuta meli au tishari lililokwisha kazi, kutu imelila. Kinachoniuma ni kwamba tunapita bila kuuliza lilijengwa lini na lilibeba nini. Majibu yapo, ila yametawanyika.

Anzia kwenye chuma chenyewe. Mabati yaliyoshikwa kwa ribiti kwa kawaida ni ya kale kuliko yaliyochomelewa. Kisha tazama rangi chini ya rangi. OTRACO, shirika la uchukuzi lililoundwa 1935, liligeuka ONATRA 1971, na sasa ni SCTP. Herufi zilizofunikwa zinaonyesha chombo kilikuwa kazini wakati gani. Majina nayo yalifuata utawala. Meli ya Colonel Kokolo, iliyokuwa ikifanya safari ya kilomita 1,734 kutoka Kinshasa hadi hapa, iliitwa kwa jina la afisa aliyeuawa Léopoldville, Kinshasa ya leo, Novemba 1960. Basi jina hilo halikuandikwa ubavuni kabla ya mwaka huo, hata kama meli ingekuwa na umri mkubwa zaidi.

Karatasi pia zinasaidia, lakini zina upofu wake. Roi des Belges, meli ndogo ya mvuke, ilifika Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo, Septemba 1890. Ndani yake alikuwamo Joseph Conrad, mwandishi wa baadaye. Nahodha Koch alipougua, Conrad alikabidhiwa meli kwa muda. Klein, wakala wa kampuni iliyomiliki meli, waliyemchukua hapa akiwa mgonjwa, alifia njiani. Conrad aliweka daftari la mto: visiwa, mawe, mikondo, mahali pa kupata kuni. Aliyezikata kuni hizo hatajwi kwa jina, na bila yeye meli isingesogea hata hatua moja.

Kwa hiyo mimi ningeanza na wazee waliofanya kazi mtoni, kabla ya hifadhi yoyote ya Ulaya. Usimwulize mzee mwaka, maana mwaka husahaulika. Mwulize kama safari ya mwisho ilikuwa kabla ya vita vya 1998 kuufunga mto, au baada ya njia ya Kinshasa kufunguliwa tena. Mwulize nahodha alikuwa nani, na nani alishika zamu kwenye injini. Akitaja jina, liandike papo hapo.