Uwanja Mpya Husaidia Timu Kushinda Kweli? Uliza Fan wa Arsenal

Kuhama keja wote tunajua. Umetoka bedsitter ya Umoja ukaingia nyumba kali huko Ruaka, ile iko na balcony. Mwezi wa kwanza ni kupiga picha dirishani tu. Mwezi wa tatu rent imekukaba koo, unakula ugali na skuma ndani ya sebule inayong'aa, na ile TV ulikuja nayo ushaiuza. Nyumba ni mpya, lakini maisha yamerudi nyuma.

Timu za mpira hupitia hiyo story kila zikihama. Everton ndio wamehama juzi juzi tu: mwaka wa 2025 waliaga Goodison Park, uwanja walioingia 1892, wakahamia mpya kando ya mto wenye nafasi ya watu zaidi ya 52,000. Na kama kawaida, mafans waliambiwa kwamba sasa timu itapanda level. Lakini kweli uwanja mpya huleta makombe?

Jibu fupi: uwanja huleta doh, hauleti magoli. Na hiyo doh huchelewa kufika.

Arsenal: Miaka ya ugali na skuma

Highbury ilikuwa inabeba watu kama 38,000. Emirates, iliyofunguliwa 2006, inabeba 60,000 na kitu. Piga hesabu: hao ni watu zaidi ya 20,000 wa ziada wanaolipa kiingilio kila mechi ya nyumbani. Ongeza vyumba vya matajiri na doh ya kampuni ya ndege iliyolipia jina lake likae pale juu. Kwa karatasi, Arsenal walikuwa wametoboa.

Shida ni kwamba ujenzi ulimeza karibu pauni milioni 390, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo. Arsène Wenger amewahi kueleza kuwa benki zilitaka ahakikishe atabaki miaka 5 ndio zitoe pesa. Hebu fikiria, kocha amegeuka kuwa guarantor!

Deni likianza kulipwa, TV zikaanza kuuzwa. Thierry Henry akaenda Barcelona 2007. Adebayor na Kolo Touré wakaenda Man City 2009. Cesc Fàbregas na Samir Nasri wakatoka 2011. Halafu 2012 ikakuja ile ya kuuma kabisa: Robin van Persie akauzwa Man U, akafunga mabao 26 kwenye ligi na kuwapa ubingwa msimu wake wa kwanza. Kuanzia FA Cup ya 2005, Arsenal hawakushika kombe lingine kubwa mpaka FA Cup ya 2014. Miaka 9, wasee. Kuna watoto walianza nursery wakamaliza darasa la nane bila kuona Arsenal ikibeba kitu.

Lakini tuwe fair kwa Wenger. Miaka hiyo yote hakuwahi kukosa Champions League. Na deni lilipoanza kupungua, 2013 walimchukua Mesut Özil kwa pauni milioni 42.5, pesa ambayo hawakuwa wamewahi kulipia mchezaji yeyote. Uwanja ulifanya kazi yake. Ni vile tu mchezo ulikuwa umebadilika wakiwa bado wanajenga.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Arsenal walipanga kushindana kwa doh ya tiketi. Lakini Roman Abramovich alinunua Chelsea 2003, wenye Abu Dhabi wakanunua City 2008, halafu doh ya TV ikapanda kwa kila timu ya Premier League. Walipomaliza kupanda ngazi, wenzao walishapita na lifti.

City: Nyumba ni ile ile, mwenye pesa ndiye amebadilika

Kama bado unadhani uwanja peke yake hutosha, angalia Man City. Walihama Maine Road 2003 wakaingia uwanja uliojengwa kwa ajili ya michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002. Mpya, mkubwa, safi. Msimu wa 2006-07 walifunga mabao 10 tu ya ligi nyumbani, msimu mzima! Na kuanzia Januari 2 hawakufunga hata moja pale. Fan alilipa tiketi ya msimu kuona nyasi.

Mwaka mmoja na kidogo baadaye, pesa ya Abu Dhabi ikaingia. Mwaka wa 2012, kwenye uwanja ule ule, Sergio Agüero akafunga lile bao la dakika za mwisho na ligi ikabaki pale. Goli ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anapiga mpira kuelekea huko.

Spurs: Goli la Wanyama na uwanja wa Beyoncé

Hii inatugusa. Mechi ya mwisho White Hart Lane, Mei 14, 2017, goli la kwanza lilifungwa kwa kichwa na Victor Wanyama wetu. Spurs walichapa Man U 2-1 na kumaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja ya ligi nyumbani. Walishika nafasi ya pili na pointi 86. Ule uwanja ulikuwa mdogo, watu 36,000 hivi, lakini ukiingia pale ulikuwa unachomeka.

Wakabomoa, wakahamia Wembley kwa muda, na wakajenga mnyama wa karibu pauni bilioni moja unaobeba watu 62,850. Katikati ya ujenzi walipitisha madirisha mawili ya usajili bila kununua mchezaji hata mmoja. Walifika fainali ya Champions League 2019 kwa kikosi kilichochoka, wakapigwa 2-0 na Liverpool. Bao la pili lilikuwa la Divock Origi, kijana wa Mike Okoth. Miezi michache baadaye kocha Mauricio Pochettino akafutwa.

Kibiashara, ule uwanja ni moto. Beyoncé anaimba pale, Wamarekani wanacheza NFL pale. Unaingiza doh hata siku hakuna mechi. Lakini msimu wa 2024-25 Spurs walimaliza nafasi ya 17 kwenye ligi. Ni kweli walibeba Europa League msimu huo huo, kombe lao la kwanza tangu 2008. Lakini pia unaona vile uwanja mkali na msimamo wa ligi ni vitu viwili tofauti.

Juventus: Wakati mwingine dogo ndio kubwa

Juventus walifanya kinyume. Uwanja wao wa zamani, Delle Alpi, ulibeba watu zaidi ya 65,000, lakini mafans walikaa mbali na nyasi na viti vilikuwa tupu kila wiki. Wakaubomoa, na papo hapo wakajenga wa watu 41,000 hivi, jukwaa likiwa karibu na mchezaji. Ulifunguliwa 2011. Msimu huo huo walichukua ligi bila kufungwa mechi hata moja, kisha wakaendelea mpaka wakafikisha mataji 9 mfululizo.

Uwanja ulisaidia, hakuna ubishi. Lakini mwaka huo huo Antonio Conte alikuja kuwa kocha na Andrea Pirlo akaja bure kutoka Milan. Usimpe fundi wa nyumba sifa za mpishi.

West Ham nao walijaribu kuchukua mkubwa 2016. Walihamia uwanja wa Olimpiki ya London kama wapangaji, rent ya pauni milioni 2.5 hivi kwa mwaka. Bei ya kutupa! Lakini uwanja ulijengewa riadha, fan yuko mbali, kelele za Upton Park zikapotelea hewani. Machi 2018 walipofungwa 3-0 na Burnley, mafans waliingia uwanjani wakiwaka.

Na sisi je?

Gor Mahia na AFC Leopards hazina uwanja wao wenyewe. Leo mechi ya nyumbani iko Nyayo, kesho Kasarani, kesho kutwa uwanja umefungwa na fan anatafuta matatu ya mji mwingine. Bila uwanja, gate, chakula na matangazo ni vigumu kukaa mkononi mwa timu. Kwa hivyo ndio, tunahitaji viwanja.

Lakini kumbuka Gor ilibeba Kombe la Washindi Afrika 1987 bila kumiliki hata jiwe moja. Kilichokuwepo ni kikosi na watu.

Siku mwenyekiti wa timu yako atakuja na picha za uwanja mpya, muulize maswali matatu tu. Deni atalipa nani? Doh ya siku ya mechi itaingia mfuko wa nani? Na kikosi kitakula nini wakati nyumba inajengwa? Akikosa jibu la hilo la tatu, jipange kisaikolojia. Fan wa Arsenal atakuonyesha njia.