Utalii wa kutembea Usambara: fedha hubaki mgeni anapolala

Anayetaka kujua biashara ya matembezi ya milimani Lushoto inaendeleaje asiende kuhesabu watu wanaopiga picha ukingoni mwa Irente. Aende kijiji cha Rangwi, au afike mpaka Mtae, aulize jana usiku vimelaliwa vitanda vingapi.

Irente ndiyo sura ya Lushoto. Kilomita chache kutoka mjini jabali linakatika ghafla, na chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu ya kwenda Moshi na nyika inayopotelea upeoni. Mgeni hupanda kwa bodaboda, hutazama, hupiga picha, hunywa soda na kushuka. Nusu siku imekwisha. Fedha aliyoiacha ni nauli, soda na pengine matunda machache ya kuonja sokoni. Mwenzake aliyeamua kutembea kupitia msitu wa Magamba hadi Rangwi, kisha Mtae, atatumia siku tatu au nne. Kila jioni atahitaji chumba, maji ya moto, wali, maharage, kuku wa mtu na mahali pa kuchajia simu. Huyu wa pili ananunua kwa watu wengi, tena watu wasio na duka wala kibao barabarani.

Ajabu ya biashara hii ni kwamba mtaji wake mkuu haukumgharimu mtu senti. Njia za Usambara hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za kwenda shambani, gulioni, shuleni, kanisani na msikitini, zimekanyagwa na Wasambaa vizazi na vizazi. Zinapita kando ya mifereji, katikati ya matuta ya kabichi na karoti, nyuma ya jiko la mtu. Hazina alama, na kila baada ya hatua mia zinagawanyika. Ramani ya simu haitakusaidia sana kujua ipi inaishia kisimani. Ndiyo maana bidhaa halisi inayouzwa Lushoto ni mwongozaji.

Milima yenyewe imeshauza mengi kabla ya kufika hapa. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Wajerumani waliokuwa wakikimbia joto la pwani walishaanzisha mji wao juu huko, wakauita Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Huko Shume kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya waya ya kuteremshia magogo ya mierezi hadi Mkumbara, yakapakiwe kwenye treni. Baada ya mbao zikaja mboga na matunda. Hadi leo malori ya kabichi, viazi, nyanya, pichesi na plamu yanashuka kuelekea Dar es Salaam, na ukweli usemwe: hayo ndiyo yanayolisha wilaya. Utalii ni kipato cha pembeni. Lakini ni kipato kisichooza njiani wala kupangiwa bei na dalali wa Ilala.

Mpangilio wa sasa wa matembezi ulianza katikati ya miaka ya 1990, shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, liliposhirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania kuanzisha programu ya utalii wa kitamaduni. Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Wazo lilikuwa jepesi: vijana wa hapo hapo waongoze wageni, wageni wale na kulala kwa wenyeji, na sehemu ya malipo itengwe kwa ajili ya kijiji, iwe darasa, zahanati au miche ya miti. Waholanzi waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bodi ikabaki na uratibu, na vikundi vya Lushoto vikaendelea vyenyewe. Miradi mingi ya wafadhili hufa siku gari la mradi linapoondoka. Huu haukufa, kwa sababu mteja alikuwa analipa mwenyewe tangu mwanzo.

Kazi ya mwongozaji ukiitazama kwa karibu ina mambo mengi kuliko kutangulia mbele. Asubuhi anapiga simu Rangwi: wageni wanne, mmoja hali nyama, mmoja ana mzio wa karanga. Njiani anasimama kumsalimu kila mzee kwa Kisambaa, maana anapita kwenye uwanja wake na kesho atapita tena na wengine. Anajua daraja gani la miti limesombwa na mvua ya wiki iliyopita. Msituni anasikia mbega kabla hujawaona, na akiwa na mteja wa kutazama ndege anajua wapi wasimame kimya kumsubiri ndege mdogo asiyepatikana popote duniani ila kwenye milima hii. Analipwa kwa siku. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, siku hizo hupungua, naye hurudi kwenye matuta yake kama jirani yeyote. Sheria ya Utalii ya 2008 inamtaka anayefanya biashara hii awe na leseni, lakini stendi ya Lushoto haikosi kijana anayejiita mwongozaji kwa sababu tu anajua Kiingereza. Bei yake ni ndogo, hana ofisi, na fungu la kijiji kwake halipo. Vikundi vyenye leseni vinamlalamikia, na vina haki, ingawa baadhi ya waongozaji bora wa leo walianzia pale pale stendi.

Sasa vitanda. Hapa ndipo mtu wa uchumi anapopaswa kuvua viatu na kukaa. Ukiitazama ramani ya malazi nje ya mji wa Lushoto, utaona biashara hii imebebwa kwa kiasi kikubwa na taasisi za dini. Rangwi, kituo cha katikati ya safari ya Mtae, mgeni hulala kwa masista wa Kikatoliki. Ubiri, karibu na mjini, masista wana hosteli na wanatengeneza jamu na mvinyo. Wabenediktini wa Sakharani, upande wa Soni, nao wana mvinyo wao na nyumba ya wageni. Shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri linauza jibini, mkate mweusi na jamu, na chakula chake cha mchana kimekuwa kama sehemu ya ziara yenyewe. Hakuna benki iliyokaa chini ikaamua kujenga mtandao huu. Ulikuwepo kwa sababu nyingine kabisa: misheni zilihitaji vyumba vya wasafiri wao, na zilifuga ng'ombe kwa ajili ya watu wao. Mtalii alikuja akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Linganisha na Finland, nchi ambayo kutembea porini ni kama ibada ya taifa. Kule sheria na desturi zinampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu katika ardhi ya mwenzake na kuchuma matunda ya porini na uyoga, mradi asiharibu. Hifadhi za taifa hazina kiingilio. Njia maarufu ya Karhunkierros, kilomita 82 hadi Ruka katika manispaa ya Kuusamo, ina vibanda ambavyo msafiri hulala bure, kuni zimepangwa nje. Halafu serikali inapata nini? Metsähallitus, shirika la dola linalosimamia hifadhi hizo, limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba kila euro moja inayowekwa kwenye njia na huduma hizo hurudisha takriban euro kumi katika uchumi, kupitia hoteli, maduka, mikahawa na usafiri wa miji midogo iliyo jirani. Mlangoni hawatozi kitu. Fedha wanaichukua mjini.

Wafini wenyewe si wageni Usambara. Katika miaka ya 1970 na 1980 misaada yao ilikitia nguvu kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills cha Tanga, na magogo yakatoka katika misitu ya Usambara Mashariki mpaka kelele za wanasayansi zikawa kubwa mno. Baadaye nchi hiyo hiyo ikalipia uhifadhi, na mwaka 1997 Amani, wilayani Muheza, ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Walikata, kisha wakalinda. Sijui kama kuna mfadhili mwingine aliyejifunza kwa gharama ya msitu wa mtu mwingine waziwazi namna hiyo.

Upande wa Lushoto, Magamba ilipandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2010 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hapo kuna kiingilio, na mwenyeji wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko mgeni wa mbali. Sina ugomvi na kiingilio. Msitu unahitaji walinzi na walinzi wanahitaji mshahara. Tatizo ni kwamba fedha hiyo huenda kwenye mfuko wa serikali, wakati anayeishi ukingoni mwa msitu, aliyekatazwa kukata kuni na kulisha ng'ombe ndani, haoni risiti yake. Kwake yeye msitu huleta fedha pale tu mgeni anapotoka ndani yake na njaa.

Soko lipo. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa 1,808,205 mwaka 2023 na 2,141,895 mwaka 2024, kutoka 620,867 mwaka wa korona wa 2020. Wengi wao huishia Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar, na wanaosafiri kwa gari kati ya Arusha na pwani hupita Mombo bila kugeuza shingo, ilhali Lushoto iko kilomita 33 tu juu yao. Kilomita hizo, lakini, si za mchezo. Barabara ni ya lami, nyembamba, inajipinda juu ya korongo, na mvua kubwa ikinyesha udongo huteremka nayo. Siku barabara ikifungwa, mwenye kabichi na mwenye gesti hulia pamoja.

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni mteja wa ndani. Vijana wa Dar es Salaam wanajiandikisha kwenye makundi ya WhatsApp, wanalipa kwa awamu kwa simu, na Ijumaa usiku wanapanda Kosta. Jumamosi wako Irente na kwenye maporomoko, jioni wanachoma nyama, Jumapili wanashuka. Ni wachangamfu, ni wengi, na picha zao zimeitangaza Lushoto kuliko bango lolote. Ila wanakuja siku zile zile wote. Mwenye gesti mjini ana vyumba vimejaa Jumamosi na vitupu Jumanne, labda Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiwe na semina. Vijijini hawafiki kabisa, kwa kuwa safari ya Mtae haiingii kwenye wikiendi moja.

Wenye hoteli mjini wanataka wageni zaidi. Kwa maoni yangu wageni waliopo wangetosha kwa muda, kama kila mmoja angelala usiku mmoja wa ziada huko juu. Hilo linahitaji vyumba vitatu vinne safi katika vijiji vya katikati, godoro lisilobonyea, choo kinachofungwa kwa ndani, na mama anayejua kwamba asiyekula nyama hashibi kwa chipsi siku tatu mfululizo. Ni mtaji ambao kikundi cha wakulima kinaweza kuukopa na kuulipa, endapo halmashauri haitauwahi kwa tozo kabla haujasimama. Huko Mambo, jirani na Mtae, loji iliyojengwa ukingoni mwa mlima imeshaonyesha kwamba mgeni atafika hata mwisho wa barabara ya vumbi akihakikishiwa shuka safi na chakula.

Na Mtae penyewe? Anayefika kwa miguu hufika alasiri, amechoka, na mabasi ya kurudi Lushoto huondoka alfajiri. Akitaka asitake, atalala. Mpaka sasa hakuna aliyewatafutia wenye gesti wa Mtae wateja wengi kama ratiba hiyo ya basi.